Grili ilifungwa na buloni zake zote, na vidole vilikatika

Ndugu watumikaji, na ninyi bamama na watoto wenye kutungojea ku nyumba kila mwisho wa posti, leo sitazungumuza juu ya mushahara. Nitazungumuza juu ya grili. Najua wengine watageuza ukurasa. Ngojeni kidogo.

Mwaka uliopita, ku kompani moja yenye sitaitaja, ndugu yetu wa timu ya usafi alipoteza vidole viwili ku tamburi ya nyuma ya konvoyeri. Ilikuwa majira ya mvua, mawe yalikuja na matope, tundu za grili zilijaa. Alikuwa anapangusa na kitambaa, bande inatembea. Kitambaa kilikamatwa, vidole vilifuata. Kesho yake asubuhi ripoti ilikuwa tayari ku meza, na neno moja lilipigwa musitari chini yake: imprudence. Mukubwa wa kazi alitupeleka mpaka pale akatuonyesha: "Munaona, protection iko. Buloni sita, zote sita ziko. Ni yeye njo alitia mukono." Na kusema ukweli, sisi delege wa sendika tuliangalia ile grili ya rangi ya manjano, bado mupya, tukakosa neno la kujibu.

Neno lilitoka ku metre ya chuma. Kati yetu kulikuwa ajistere mumoja, mutu wa kunyamaza. Alipima toka grili mpaka tamburi: milimetre 55, tena bila kuhesabu unene wa bande. Akapima tundu za grili: milimetre 25 kwa 25. Akasema, bila kupandisha sauti: "Na tundu ya namna hii, grili inapaswa kukaa mbali milimetre 120. Hapa kidole kinafika."

Hakuitoa mu kichwa chake. Kuko kanuni ya dunia nzima, ISO 13857, yenye inaonyesha ku tablo umbali wa kulinda mikono. Tundu ikiwa ya mraba na upana wake unapita 20 lakini haupite 30, umbali ni 120. Ikipita 30 mpaka 40, ni 200. Ikipita 40 mpaka 120, ni 850, sababu hapo mukono wote unaingia mpaka ku bega. Na kama si mraba, kama ni mwanya murefu, basi hata upana wa 25 tu unalomba 850. Ile tablo inafuata mwili wa mutu: kidole kinaingia mpaka wapi, kiganja kinakwama wapi. Haiangalie rangi ya manjano, na haihesabu buloni.

Sasa, hizi 120 zilikuwaje 55? Hapa njo kiini cha maneno yangu.

Konvoyeri ilipojengwa, tamburi ilikuwa na diametre ya 500. Nusu yake ni 250. Aliyechora grili alifanya kazi yake vizuri: 250 na 120, akaweka grili ku 370 toka katikati. Miaka ikapita. Wakati wa revizio kubwa waliweka tamburi ya 630. Nusu yake ni 315. Toa 315 mu 370, inabaki 55. Hakuna mutu aliyesema uongo. Muchoro wa tamburi mupya ulifanywa, ulitiwa sinyatire, uliingia ku arshive. Muchoro wa grili ulikuwa mu fishie ingine, ya mwaka mwingine, na hakuna mutu aliyekumbuka kuufungua. Grili ya zamani ilirudishwa mahali pake, buloni zikaingia ku tundu zake bila shida. Na juu ya kuwa ziliingia, kila mutu alisema iko sawa.

Nilisimulia jambo hili ku nyumba. Binti wa dada yangu anasoma mecanique ku shule ya ufundi, aliniangalia tu, akaenda kuleta ordinatere yake. Ni ordinatere ya okazio, kona moja ya sikrini imepasuka. Akaniambia: "Mujomba, grili yenu haikujua tamburi iko wapi. Mulimuandikia namba, hamukumuonyesha kitu."

Alifungua programu inaitwa FreeCAD. Ni programu ya kuchora vitu vya mecanique mu ukubwa wake wote, urefu, upana na urefu wa kwenda juu. Toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 2002, mwanzo wake ni kazi ya Mjerumani Jürgen Riegel, na mu Novemba 2024 walitoa toleo la 1.0. Ni ya bule. Si bule ya wizi, ile ya kuvunja lisensi yenye inajaa virusi ku mutaa: lisensi yake yenyewe inaruhusu kila mutu kuitumia, kuigawa, hata kufungua tumbo lake na kuibadilisha. Menu yake inaweza kuwa mu Kifaransa. Ukisha kuiweka, haiombe intaneti. Kwa sisi wa delestaji, wenye megabaiti tunanunua sawa chumvi, jambo hili si dogo.

Alichora tamburi. Kisha akafungua ukurasa mweupe na kuandika mistari ya Python, lugha ambayo programu ile inaisikia. Hapa nitakwenda polepole, sababu hata mimi nililomba anirudilie mara tatu.

Programu iko na vitu vyake vya tayari: silinda, boksi, tundu, filete. Lakini haiko na kitu kinachoitwa grili ya tamburi. Inakuruhusu basi kuumba kitu chako mwenyewe. Unamuambia aweke kitu cha aina Part::FeaturePython, na kitu hiki kinazaliwa bila umbo lolote. Ni wewe utaandika namna gani umbo lake linapatikana. Unakipa vipimo vyake: tundu za wavu, unene wa chuma, upana. Hivi vipimo vinaonekana kando ya sikrini, na sudere asiyejua mustari hata mumoja wa Python anaweza kuvibadilisha. Mpaka hapa si ajabu kubwa. Ajabu ni kiungo. Kati ya vile vipimo unaweka kimoja ambacho si namba. Jina lake ni PropertyLinkSub, na maana yake ni: wewe grili, angalia ile tamburi, na ku ile tamburi angalia ule uso wa muviringo.

Halafu unaandika fungu la mistari linaloitwa execute. Hili linatumika kila mara programu inapohesabu upya. Linauliza ule uso: nusu ya diametre yako ni ngapi leo? Musitari wako wa katikati uko wapi? Linaangalia tundu za wavu, linachagua umbali ku tablo ya kanuni, linajumulisha, linachora grili. Namba 370 haikuandikwa popote. Binti alibadilisha tamburi toka 500 mpaka 630, akafinya, na grili ikasogea yenyewe mpaka 435. Nilinyamaza. Nilikuwa nafikiri vidole viwili.

Kisha akaanza kunichezea. Akaweka tundu za 35: grili ikaenda ku 515. Akaweka 50: ikaruka mpaka 1165, ikafunika njia yote ya kupita watu. "Unaona, mujomba, wavu wa tundu kubwa ni beyi chini, lakini unakula nafasi." Nikamuambia aweke 10. Grili ikakaribia, milimetre 25 tu toka tamburi, muzuri sana kwa macho. Hapo nilicheka, sababu yeye hajasimama chini ya konvoyeri mu Januari. Tundu za 10 na yale matope yetu, ni dakika kumi zimeziba, na mutu atarudi na kitambaa. Ndiyo maana nasema kazi hii haiwezi kufanywa na biro peke yake. Binti anajua Python, mimi najua matope. Tulimaliza na 25 na umbali wa 120, pamoja na mulango mudogo wa kusafishia wenye haufunguke kama bande inatembea. Huo mulango hajaandika bado.

Sitaki munifikirie mutu aliyelewa na masini. Kitu hiki kiko na mitego yake, na nitaisema.

Mutego wa kwanza ni wa mutu mwenyewe. Unaweza kuandika skripti ya kupendeza na kuacha namba 250 ndani yake, sababu una haraka. Hapo umerudi ku karatasi. Mutego wa pili ni majina ya nyuso. Programu inaita nyuso za kitu kwa namba: Face1, Face2, Face3. Ukiongeza njia ya klavete ku ekse ya tamburi, nyuso zinaweza kuhesabiwa upya, na uso uliokuwa namba moja ukawa namba ingine. Grili inaendelea kuangalia namba ile ile, lakini sasa inaangalia ekse. Ekse nayo ni muviringo! Ikiwa na nusu ya diametre ya 50, skripti inajumulisha 50 na 120, inachora grili ndani ya tumbo la tamburi. Ugonjwa huu ulisumbua watu miaka mingi. Toleo la 1.0 lilileta dawa kubwa, lakini mimi sitawekea dawa moja mikono ya watu. Nilimulomba binti aongeze mistari mine: uso si muviringo, simama, uso si ule mukubwa kupita yote ku kile kitu, simama. Kisimame na alama nyekundu. Grili inayokataa kujichora ni afazali kuliko grili nzuri ya uongo.

Na kuko jambo moja lenye programu yenyewe inakataa. Grili inaangalia tamburi. Tamburi haiwezi tena kuiangalia grili. Kila mumoja akimungoja mwenzake aseme kwanza, hakuna anayesema, na programu inaleta kosa. Lazima ujue ni nani wa kwanza. Ku atelie yetu, kwa bahati mbaya, swali hili halikuulizwa: ni tamburi inaongoza ama ni grili ya zamani yenye iko ku magazini?

Sasa nafika ku jambo la sendika, sababu mpaka hapa mutu anaweza kusema hii ni mambo ya shule.

Faili ya FreeCAD inabeba umbo la kitu, lakini mistari ya Python inakaa mu faili ingine, pembeni. Ukimupa mutu faili ya muchoro bila faili ya mistari, ataifungua, ataona grili na rangi yake. Akibadilisha tamburi, grili haisogei. Ni kama picha ya marehemu: sura iko, lakini haijibu. Niliona jambo la namna hii kwa macho yangu ku kazi. Biro moja ya sutretansi ilifanya michoro ya atelie miaka miwili. Programu yao ilikuwa ingine, ya kulipa, lakini ugonjwa ni mumoja. Kontra ilipoisha walitoa diski yenye michoro yote, wakubwa wakatia sinyatire. Mwezi uliofuata desinatere wetu alitaka kubadilisha upana wa goti moja ya kumwangia mawe: hakuna kitu kilichotembea. Skripti zilirudi na wenyewe. Ilibidi kuwaita tena, na kuwalipa tena, kwa kazi ambayo wasaidizi wetu walipima, walipanda ku konvoyeri na metre mu mukono, walileta namba zote. Namba zetu, akili yao, na mulango umefungwa.

Watu watasema sheria ya 2017 juu ya sutretansi inapaswa kulinda Wakongomani. Inalinda mukataba uende kwa nani. Lakini kompani ya Mukongomani nayo inaweza kuondoka na skripti mu mufuko. Lazima iandikwe mu kontra: muchoro unatolewa pamoja na mistari inayouendesha, na mutu wetu mumoja anaifungua mbele ya wote, anabadilisha kipimo kimoja, anaona kinatembea, njo sinyatire inafuata. Jaribio la dakika tano.

Mwenzangu mumoja wa sendika, mutu ninayemuheshimu kwa miaka ya grevu zetu, aliniambia: "Yaya, unatupotezea muda. Watu wanataka primu, wewe unaleta ordinatere." Namujibu hapa kama nilivyomujibu pale. Neno imprudence mu ripoti lina beyi. Ndugu yetu alipoandikiwa kosa ni lake, hesabu ya haki zake ilianza vibaya, na tulipambana miezi. Ile metre ya chuma ilitusaidia kuliko hotuba zetu zote. Kama siku ya revizio kulikuwa karatasi moja yenye kuonyesha diametre ya tamburi, tundu za wavu, umbali unaolombwa na umbali uliopatikana, basi ama grili ingebadilishwa, ama jina la aliyekubali 55 lingekuwa chini yake. Moja kati ya mbili. Hiyo ni mambo ya sendika, na hata ya primu.

Mwingine, desinatere wa zamani wa Likasi, alinijia na woga wa kweli, na yeye sitamucheka. Alisema: "Grili kumi na mbili nazichora juma nzima. Hii masini itazichora kabla ya chai. Na mimi?" Ni kweli, na sitamudanganya. Tunajua wote kilichotupata Gécamines mwaka wa 2003, maelfu walipotolewa na jina tamu la departi volontere. Kwa hiyo maneno haya yaingie ku meza ya majadiliano mapema, si kiisha. Muda unaopatikana ku biro uende ku tere: desinatere ashuke, apime kila konvoyeri kama iko leo, si kama ilichorwa zamani. Ku tuliotembelea na metre, kati ya muchoro na chuma mulikuwa tofauti karibu kila mahali. Skripti inayoangalia tamburi ya uongo itatoa grili ya uongo kwa haraka zaidi. Mutu wa kupima ile kweli ni yeye, na afundishwe Python yeye wa kwanza, mbele ya stajieri wa mujini. Maneno ya kuanza nayo si mengi. Mimi mwenyewe, na diploma yangu ya sekondari na Kiingereza cha redio, nimeshika kama makumi tatu.

Tuko na mahali pa kupitisha mambo haya. Kodi ya kazi ya 2002 inasema kuweko komite ya usalama, usafi na kupendeza mahali pa kazi. Ku kompani mingi ile komite inakutana kwa kunywa fanta na kuzungumuza juu ya maua ya mulangoni. Delege, lombeni kitu kimoja ku mukutano unaokuja: kila masini inayobadilishwa, grili yake ihesabiwe upya na karatasi yake iletwe ku komite kabla bande haijawashwa. Kama wakisema hawana programu, muwaambie beyi yake.

Na kwa wazazi. Kodi ya mine ilivyorekebishwa mu Machi 2018 inalazimisha kompani kutoa kila mwaka, kwa maendeleo ya jamaa za pembeni ya mungodi, angalau 0,3% ya pesa ya mauzo yake. Tumeona imegeuka mulango wa shule uliopakwa rangi, na mara mingi paneli yenye jina la kompani kubwa kuliko mulango. Ku mikutano ya kuchagua miradi, lombeni ordinatere za kawaida kumi kwa shule ya ufundi, batri na panoo za jua, na mwalimu alipwe. Programu haitaongeza hata franka moja. Binti wa dada yangu alijifunza peke yake usiku, ku ordinatere yenye sikrini imepasuka. Yuko na wenzake mu klasi ile ile wenye akili kumupita, na hawana hata hiyo.

Posho hii tutakwenda, yeye na mimi na yule ajistere wa kunyamaza, kupima konvoyeri tatu ku atelie moja ambako wametukubalia kuingia. Ajistere amesema atakuja, lakini analeta metre yake mwenyewe. Binti amesema ataandika ule mulango wa kusafishia, na namna utajua kama bande inatembea; mimi nimemuambia hilo si la skripti, ni la kontakta na fundi wa umeme. Tumebishana mpaka saa tano ya usiku, kuraa ikakatika, tukaenda kulala.